ULIZA MWALIMU: Nani Walichimba Mifereji ya Mwea?

Barua kutoka Kasarani, Nairobi

Mwalimu, nakusalimu kwa heshima. Guka wangu, yaani babu, alifariki mwaka uliopita, akazikwa Mwea, kwenye mashamba ya mpunga chini ya Mlima Kenya, alikoishi tangu ujana wake. Tulipofungua sanduku lake la bati tulikuta leseni za shamba zimekunjwa mara nne, moja juu ya nyingine, pamoja na stakabadhi za mpunga za miaka mingi. Guka alikuwa na neno alilopenda kulirudia: "Nililetwa Mwea kwa lori la askari, nikabaki kwa miguu yangu." Baba hakubaliani naye. Husema serikali ya mkoloni iliwagawia mashamba watu wasiokuwa na ardhi, na kwamba wafungwa hawahusiki hapo. Ndugu wamegawanyika, wengine kwa guka, wengine kwa baba. Mimi nilizaliwa mjini na nataka kuandika kitabu kidogo cha ukoo wetu. Ukweli uko wapi? Tena, mbona jina la cucu, yaani bibi yangu, halimo katika karatasi hata moja, na kila mtu anajua shamba lile lililimwa kwa mikono yake? — *Mjukuu*

Jibu

Mjukuu wangu, pole kwa msiba. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa kuwa nami ninalo sanduku la bati chini ya kitanda. Nilizaliwa Mwea, katika kijiji cha skimu, yaani mradi wa kilimo cha kumwagilia, mtoto wa watu waliofika pale na sufuria mbili na blanketi moja. Kwa hiyo nitakujibu kama mwalimu wa historia niliyefundisha miaka mingi, na pia kama binti wa mkulima wa mpunga.

Guka na baba yako wote wameishika kweli, ila kila mmoja ameishika kwa ncha yake.

Ukisimama leo Wang'uru, au Ngurubani kama wenyewe tunavyouita mji wetu, unaona majaruba ya kijani mpaka macho yachoke, na huko nyuma Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, umejifunika mawingu. Watoto hudhani palikuwa hivyo tangu enzi. Hapakuwa hivyo. Ilikuwa nyika ya nyasi na miiba, mahali pa kuchungia mifugo ya watu wa Ndia, Gichugu na Mbeere. Udongo wake ni ule mweusi: mvua ikinyesha unanasa kiatu, jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Joto lilikuwa kali na mbu wengi. Watu walijenga kule juu kwenye miinuko yenye baridi, wakashuka uwandani na ng'ombe, jioni wakapanda tena.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya mkoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, waliwekwa kizuizini kwa tuhuma za kula kiapo cha Mau Mau, waliopigania ardhi na uhuru. Katikati ya miaka hiyo ya 1950 uwanda wa Mwea ulijazwa kambi: Thiba, Tebere, Kandongu, Gathigiriri. Wamumu ikawa ya vijana wadogo. Wafungwa hao ndio waliotiwa kazini kuchimba mifereji ya kutoa maji katika mito ya Thiba na Nyamindi, na kusawazisha ardhi ili maji yakae. Walichimba kwa jembe, sururu na karai. Ndiyo, mjukuu wangu, mwambie baba yako bila woga: mifereji ya kwanza ya Mwea ilichimbwa na watu waliokuwa wakilindwa na askari wenye bunduki.

Tena kambi hizi hazikuwa za kawaida. Kuanzia mwaka 1957, chini ya ofisa Terence Gavaghan, ndiko ilikokamilishwa ile mbinu ya "kuwalainisha" waliokataa kukiri kiapo: wachache wenye msimamo waliletwa kati ya wengi waliokwisha kusalimu amri, na aliyegoma alilazimishwa kwa kipigo. Mbinu hiyo ilipopelekwa Hola, kando ya mto Tana, tarehe 3 Machi 1959 wanaume 11 walipigwa hadi kufa. Walikuwa wameamriwa kufanya nini? Kuchimba katika mradi wa maji, kama huu wetu. Mimi nilipojua hivyo, nikiwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nilirudi nyumbani likizo nikaketi kwenye ukingo wa mfereji mkuu mpaka giza likaingia. Nilikuwa nimeogelea humo utoto wangu wote.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Aliyechimba si lazima awe ndiye aliyepewa. Wengi waliochimba walipelekwa kambi nyingine, kisha makwao, wasirudi Mwea tena maishani. Na wengi waliopewa mashamba hawakushika sururu hata siku moja. Miaka hiyohiyo, kule juu, serikali ilikuwa ikiunganisha vipande vya mashamba na kuvipima upya. Mtu aliyekuwa kizuizini wakati wa kupima, au mjane wake asiye na wa kumtetea mbele ya wazee na ngati, wale askari wenyeji wa mkoloni, alijikuta hana pa kusimama. Na wapo waliokuwa hawana ardhi hata kabla ya hapo, wakiishi kwa hisani ya jamaa. Watu wa Ndia na Gichugu, ambao malisho yao ndiyo yaliyogeuzwa mashamba ya mpunga, walitangulizwa. Wakaja pia wa Murang'a, Nyeri na Kiambu. Hapo ndipo baba yako anaposimama, na yuko sahihi: mgao ulikuwa wa watu wasio na ardhi.

Guka alikuwa nani kati ya hao? Neno lake linasema alikuwa yote mawili, na mimi sioni sababu ya kumkatalia. Lakini kitabu kinataka zaidi ya neno. Tazama leseni ya zamani kuliko zote, uone mwaka na kijiji. Kisha watafute majirani wa guka, wale ambao majaruba yao yalipakana na yake, maana watu waliofika pamoja waligawiwa pamoja. Waulize guka alifika na nani, alilala wapi usiku wa kwanza, na alikuwa kambi gani. Mtu aliyepita kambini hasahau jina la kambi, na wenzake hawasahau nani alikuwa naye.

Hizo leseni zenyewe usizipuuze, zina hadithi yake. Baba zetu hawakuuziwa ardhi wala hawakupewa hati. Kila mmoja alipewa ekari nne na kibali cha kulima, mwaka kwa mwaka. Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji ilipoundwa mwaka 1966 iliirithi taratibu hiyo, na kanuni za mwaka 1977 zikaiandika wazi. Mwenye leseni alitakiwa aishi ndani ya skimu na muda wake wote autoe kwa shamba. Mifugo aliyoruhusiwa kufuga ilitajwa. Meneja ndiye aliyepanga siku ya kulima, ya kufungulia maji, ya kupandikiza na ya kuvuna. Mpunga wote, ukiondoa wa kula nyumbani, ulikwenda kwa bodi, nayo ikakata gharama za trekta, mbolea na maji kabla ya kulipa. Na mrithi alikuwa mmoja tu, aliyeandikwa. Mtoto akitimiza miaka 18 hakuhesabiwa tena kuwa wa nyumba hiyo.

Soma tena hiyo kanuni ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyokufanya uzaliwe Nairobi. Kwetu tulikuwa watoto saba. Kaka yangu wa pili alifunga virago mwezi uleule alioutimiza umri, akapanda basi pale barabarani na begi la plastiki. Mama alimsindikiza hadi daraja la mfereji, akasimama hapo. Hakuvuka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimebeba kopo la mawe la kutishia ndege, na sijawahi kumsikia mama akilizungumzia jambo hilo tangu siku ile. Familia nyingi za Mwea zina mtoto aliyesindikizwa hadi daraja.

Nije kwa cucu.

Leseni iliandikwa jina la mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa mwanamume. Mjane aliweza kurithi ikiwa jina lake ndilo lililoandikwa, lakini ilikuwa kwa nadra. Fedha za mavuno zililipwa kwa jina hilo moja. Nani basi alisimama ndani ya maji hadi magotini, mwezi wa nane, akipandikiza miche mgongo umepinda tangu alfajiri? Nani alipalilia? Nani aliamia ndege mpunga ukianza kushika maziwa, kwelea wakija kama moshi? Cucu na watoto wake.

Kuna jambo ambalo hutalikuta katika stakabadhi za guka. Waliobuni skimu walipima maji, wakapima udongo, wakapima magunia. Hawakuuliza watu hao wanakula nini. Wazazi wetu walikuwa watu wa githeri na irio. Wali kwao ulikuwa chakula cha sikukuu, na kuula asubuhi na jioni mwaka mzima uliwashinda. Lakini jaruba la mpunga haliotishi maharagwe, na nafasi ya kulima mahindi ilikuwa haba. Tena uwanda hauna miti: kuni zilikuwa za kununua, zikiletwa kwa mikokoteni ya ng'ombe kutoka mbali. Kule mlimani mwanamke aliokota kuni na kuchuma maharagwe bila kumwomba mtu senti. Huku uwandani kila kitu cha jikoni kilitaka fedha, na fedha haikupita mkononi mwake.

Akafanya nini? Mume alimwachia magunia kadhaa ya mpunga kama ujira wake. Aliutwanga usiku kwenye kinu, akauuza kwa siri kwa bei ya kutupa, kwa sababu kuuza mpunga nje ya bodi kulihesabiwa magendo. Watafiti waliofika Mwea miaka ya 1960 waliliona hilo na kuliandika. Mimi sikuhitaji kulisoma. Mama alikuwa akiweka kilo tatu au nne chini ya kiondo, juu yake majani ya viazi vitamu, halafu ananituma mimi nitangulie njiani kama mtoto anayecheza, nikiona kofia ya askari niimbe. Aliporudi alikuwa na maharagwe, chumvi, na mzigo wa kuni mgongoni. Kwa biashara hiyo ndogo nilivaa viatu vya kwanza vya shule. Ndiyo maana nikisikia watu wakihesabu waasisi wa Mwea kwa majina ya leseni peke yake, moyo wangu unakataa. Kijiji kilisimama kwa sababu mtu fulani alihakikisha chungu kimechemka.

Katika kitabu chako, cucu mpe sura yake nzima. Usimweke ndani ya sura ya guka.

Magonjwa nitayapitia upesi. Malaria haikutuacha, na kichocho cha tumbo kilitupata wengi kwa kuoga na kuteka maji mferejini. Ukimkuta mzee anayesimulia dada au kaka aliyekufa mdogo, muulize kwa upole maji ya nyumbani yalitoka wapi.

Kuhusu mwaka 1998, sijui guka alikuwa na nguvu kiasi gani wakati huo, lakini ulizia. Ndipo wakulima walipokataa kuipelekea bodi mpunga wao, wakaupeleka kwa chama chao cha ushirika. Bei ilikuwa sababu, ila ukiwasikiliza wenyewe, sababu kubwa ilikuwa ile miaka arubaini ya kuambiwa lini ulime na nani arithi. Vijana wengi waliosimama mstari wa mbele walikuwa wale wasioandikwa kwenye leseni yoyote. Mwaka 1999 vijana wawili walipigwa risasi wakafa katika ghasia hizo. Kwa miaka kadhaa bodi haikuwa na neno katika mashamba. Wakulima waliendesha maji wenyewe kwa shida na kwa fahari, na mashamba ya nje ya skimu, ambayo watu huyaita jua kali, yakapanuka hadi maji yakawa ya kugombaniwa. Baadaye pande mbili zilikubaliana: mifereji mikuu ikawa ya bodi, midogo ikawa ya vyama vya watumiaji maji. Bodi yenyewe ikageuzwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, na bwawa la Thiba likakamilika mwaka 2022, ndiyo maana siku hizi unaona watu wakivuna mara mbili.

Lile gereza unalolipita ukienda Mwea, na ile shule ya kurekebisha tabia ya Wamumu, umewahi kujiuliza kwa nini viko katikati ya mpunga? Kambi ziliondoka, baadhi ya kuta zikabaki na kazi ileile. Mpeleke baba yako hapo kwa gari, siku ya Jumamosi, na hizo leseni za guka mkononi. Usibishane naye. Mwache atazame, kisha mwende wote wawili kwa jirani wa guka aliye hai, mkae kivulini.

Barua kutoka Kimbimbi

Mwalimu, mama yangu ana zaidi ya miaka themanini na ni mmoja wa waliofika Mwea mwanzo kabisa. Nikimwomba anisimulie historia hunijibu, "Mimi sina historia, waulize wanaume." Nimejaribu mara nyingi. Nifanyeje kabla hajachoka zaidi? — *Kitinda mimba*

Jibu

Dada yangu, liondoe neno "historia" kinywani mwako. Kwa mama zetu neno hilo ni la mikutano na la wenye viti. Muulize kuni alizinunua kwa nani. Nakuhakikishia, mwanamke aliyefika Mwea miaka ile atakutajia mwenye mkokoteni, bei ya mzigo, na siku aliyodhulumiwa. Kutoka kwenye kuni atafika jikoni, kutoka jikoni atafika kwenye nyumba yao ya kwanza, na jinsi kuta za udongo mweusi zilivyopasuka kabla mvua ya pili haijanyesha. Mimi nilianza na mama yangu kwa swali la sufuria: "Ile yenye mpini uliovunjika tulikuja nayo, au tulinunua hapa?" Alizungumza hadi saa sita za usiku.

Usimhoji akiwa kwenye kiti, mikono mitupu. Mpe mchele auchague kwenye ungo. Mikono ikishughulika ulimi unafunguka. Simu yako iweke kando ikirekodi, ukiwa umemwambia na amekubali. Usimwibie sauti mzazi wako. Majina ya watu, ya mifereji na ya vijiji yaandike vile anavyoyatamka yeye kwa Kikikuyu, usiyanyooshe yafanane na ya kwenye ramani. Na akinyamaza, nyamaza naye. Kuna miaka ya kambi na ya ngati ambayo wanawake wengi waliteswa kwa namna wasiyotaka watoto wao waijue. Ukiona amefika hapo na kugeuka, geuka naye, mwulize habari za ndege.

Ila nenda wiki hii. Mwezi uliopita nilikwenda kijiji cha jirani kumwona bibi niliyekuwa nimeahidi kumtembelea tangu Krismasi. Nilikuta turubai la matanga.

Barua kutoka Embu

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Babu yangu alilima mpunga anaouita "sindano", lakini kando ya barabara ya Makutano kila gunia limeandikwa "pishori". Je, ni mpunga mmoja? Na pishori ni neno la Kikuyu? — *Mwanafunzi*

Jibu

Si mmoja, mwanangu. Sindano ni aina ya mpunga iliyolimwa sana Mwea mwanzoni, ikaitwa hivyo kwa wembamba wa punje yake. Huo unaouona barabarani, unaonukia chumba kizima sufuria ikifunuliwa, kitaalamu ni Basmati 370, mbegu yenye asili ya Punjab. "Pishori" si Kikuyu. Ni jina la mji wa Peshawar, lililolainika midomoni mwetu. Mavuno yake kwa ekari ni machache kuliko ya aina nyingine, na bua lake refu huanguka kwa upepo, lakini mnunuzi hulipa zaidi kwa ile harufu.

Mwulize babu yako akuonyeshe tofauti kwa mkono kabla hujaiona kwa macho. Wazee wa Mwea hutia punje kwenye kiganja, wanazisugua mara mbili tatu, wananusa. Na ukimkuta muuzaji anayekataa usugue, ondoka ununue kwa mwingine.